Kisu cha mfukoni Marekani: halali Anthony, kosa Anthony

Nje kidogo ya El Paso, kando ya barabara kuu ya I-10, kuna mji unaoitwa Anthony. Mpaka wa majimbo umeukata katikati: upande mmoja ni Texas, upande wa pili ni New Mexico, na pande zote mbili zinaitwa Anthony. Mtu anaweza kununua maziwa jimbo moja akarudi kulala jimbo la pili. Lakini akiwa na kisu cha kufyatuka mfukoni, kile ambacho ukibofya kitufe mpinini bapa linaruka lenyewe, safari hiyo ya maziwa inamfanya mkosaji. Texas iliviruhusu visu hivyo tangu Septemba 1, 2013. Sheria ya New Mexico inakataza hata kuvimiliki, sembuse kuvibeba, na mwaka 2015 mahakama ya rufaa ya jimbo hilo ilikataa kuifuta.

Sasa mchukue dereva wa lori. Waafrika Mashariki wanaofanya kazi hiyo Marekani wapo, na kisu kwao ni kitendea kazi kama tochi: kukata kamba, kuchana plastiki iliyofungiwa mizigo, kufungua boksi. Dereva huyu ametoka Dallas anaelekea Los Angeles. Texas yuko salama. New Mexico, kwa maili 160 na ushei, anaendesha akiwa na kosa mfukoni. Akiingia Arizona, usalama unarudi, kwa sababu huko mtu mzima anaruhusiwa kubeba karibu kisu chochote. Akivuka mto Colorado kuingia California, kosa linarudi tena kama bapa la kisu chake lina urefu wa inchi mbili au zaidi. Huko sheria inagusa hata kisu kilichowekwa sehemu ya dereva ndani ya gari lililo mahali pa umma. Dereva ni yuleyule na kisu ni kilekile. Kilichobadilika ni vibao vya barabarani.

Na hapa kuna jambo linaloshangaza hata Wamarekani wenyewe. Dereva huyo angekuwa na bunduki, sheria ya serikali kuu ya mwaka 1986 ingempa njia ya kupita. Mradi bunduki haina risasi, imefungiwa mbali na mkono wake, na ni halali kule alikotoka na kule aendako, jimbo la katikati halimgusi. Kwa kisu hakuna kinga ya namna hiyo. Muswada wa kuwapa wenye visu haki hiyo umepelekwa Bungeni mara kadhaa, na kufikia mwaka 2024 ulikuwa haujapita.

Kwa hiyo anayeuliza, "Kisu changu ni halali Marekani?" ameuliza swali lisilojibika. Hakuna sheria moja ya visu nchini humo. Zipo za serikali kuu, za majimbo hamsini, za miji na kaunti, kisha kanuni za majengo, treni na shule. Kila moja ilitungwa na watu walioogopa kitu tofauti katika mwaka tofauti, na zinaeleweka upesi ukijua kila kizazi kiliogopa nini.

Hofu ya kwanza ilikuwa na jina la mtu. Septemba 19, 1827, kwenye kisiwa cha mchanga katika mto Mississippi, karibu na Natchez, watu wawili walikutana kupigana kwa bastola, risasi za wote zikakosa shabaha, wakapeana mikono. Waliowasindikiza ndio waliochinjana. Miongoni mwao alikuwa Jim Bowie, aliyepigwa risasi na kuchomwa upanga lakini akamuua mmoja wa mahasimu wake kwa kisu kikubwa. Magazeti yalimfanya maarufu, na mafundi wakaanza kuuza "kisu cha Bowie" kila upande. Alipofia kwenye ngome ya Alamo, San Antonio, Machi 1836, jina lake lilikuwa tayari jina la silaha. Mwaka uliofuata Alabama ikatoza kodi ya dola 100 kwa kila kisu cha aina hiyo kinachouzwa, pesa nyingi mno wakati huo. Mwaka 1838 Tennessee ikakataza kabisa kuviuza. Texas, ardhi aliyoifia, ilikataza mwaka 1871 kubeba bastola, majambia na visu vya Bowie hadharani. Marufuku ya kisu chenye jina la shujaa wa Texas iliendelea kuwamo vitabuni mwa Texas hadi Agosti 2017.

Hofu ya pili ilikuja miaka ya 1950, na hiyo ndiyo inayomsumbua dereva wetu. Wakati huo Marekani ilikuwa imeshikwa na wasiwasi juu ya vijana: magenge ya mitaani, makoti ya ngozi, nywele za mafuta. Majarida na filamu zikampa kijana huyo wa kutisha kifaa kimoja, kisu cha kufyatuka. Kilikuwa na sauti yake, ule mlio wa bapa likijifunga, na wenye sinema waliupenda mlio huo kuliko sentensi yoyote. Kisu kilekile kilikuwa kikiuzwa madukani kwa wakulima na mafundi waliohitaji kufungua kisu kwa mkono mmoja, ila mkulima hakuwekwa kwenye bango la filamu. Majimbo yakaanza kukipiga marufuku moja baada ya jingine. Agosti 1958 Rais Eisenhower akatia saini sheria ya nchi nzima.

Sheria hiyo ya 1958 bado ipo, na watu wengi wanaielewa vibaya. Haisemi kwamba ni kosa kumiliki kisu cha kufyatuka Marekani. Bunge la Washington halina mamlaka ya jumla ya kuamua raia abebe nini mfukoni. Lina mamlaka juu ya biashara kati ya jimbo na jimbo. Kwa hiyo likakataza kuviingiza kutoka nje ya nchi, kuvisafirisha na kuviuza kutoka jimbo moja kwenda jingine, na kuwa navyo kwenye ardhi zilizo chini ya serikali kuu moja kwa moja, yakiwemo maeneo ya makabila ya Wahindi Wekundu. Adhabu ni faini hadi dola 2,000, kifungo hadi miaka mitano, au vyote viwili. Wanajeshi walio kazini hawaguswi. Na kuna ruhusa moja ya ajabu: mtu mwenye mkono mmoja anaruhusiwa kubeba kisu cha kufyatuka chenye bapa lisilozidi inchi tatu. Wabunge walijua, basi, kwamba kisu cha kufunguliwa kwa mkono mmoja kina kazi ya halali. Waliona tu kwamba mwenye mikono miwili hana haja nacho.

Mwaka 2009 sheria hii karibu imeze mamilioni ya visu vya kawaida. Idara ya forodha ilipendekeza tafsiri mpya ambayo ingevihesabu kuwa vya kufyatuka hata visu vya kukunja vyenye springi ya kusaidia, ambavyo unalisukuma bapa kidogo kwa kidole gumba na springi inamalizia. Wakati huo visu hivyo vilikuwa vimejaa kila duka la vifaa. Kelele zilipigwa, na kabla mwaka haujaisha Bunge likaongeza kifungu: kisu ambacho bapa lake linavutwa kubaki limefungwa, na linahitaji nguvu ya mkono juu ya bapa lenyewe ili lifunguke, si cha kufyatuka. Hatima ya mamilioni ya mifuko ikaning'inia kwenye swali la fundi seremala: bapa linavutwa upande gani?

Mahali ambapo swali la namna hiyo liliwaumiza watu kweli ni New York.

Jimbo hilo lilikuwa limepiga marufuku kitu kingine, mwaka uleule wa 1958: kisu cha kudondoka. Asili yake ni askari wa miavuli wa Kijerumani katika Vita Kuu ya Pili. Askari aliyenaswa kwenye mti, mkono mmoja umefungwa na kamba za mwavuli, alikishika kisu kichwa chini, akabonyeza kikwamishi, na bapa likateleza nje kwa uzito wake. Sheria ya New York ikakieleza kuwa kisu ambacho bapa lake linatoka kwa nguvu ya uvutano wa ardhi au kwa kurushwa, kisha linajifunga mahali pake. Maneno "au kwa kurushwa" yalikaa kimya karibu miaka hamsini. Wakati huo viwanda vilianza kutengeneza visu vya kukunja vyenye kikwamishi cha usalama, bapa lisije likakufungia vidole, na vyenye kitundu au kijiti cha kusukumia kwa kidole gumba. Fundi umeme, mpanga bidhaa, mjenzi wa jukwaa, wote walivinunua dukani kwa bei ya chakula cha mchana.

Polisi wa jiji wakagundua kwamba afisa hodari akikishika kisu cha namna hiyo na kukikung'uta kwa nguvu ya kifundo cha mkono, bapa linaweza kutoka. Likitoka, kisu ni cha kudondoka. Kikiwa ni cha kudondoka, mwenyewe ana kosa, ajue asijue. Mwaka 2016 mahakama ya juu kabisa ya jimbo ilisema wazi kwamba mwendesha mashtaka hahitaji kuthibitisha kuwa mtuhumiwa alijua kisu chake kinafunguka hivyo. Inatosha alijua amebeba kisu. Kosa la kawaida lilikuwa la kifungo cha hadi mwaka mmoja. Mtu aliyewahi kutiwa hatiani kwa kosa lolote la jinai angeweza kupandishwa hadi kosa kubwa lenye kifungo cha miaka saba. Kwa kisu kilekile.

Na kilionekanaje? Kwa kibanio. Visu vingi vya sasa vina kibanio cha chuma kinachoning'inia kwenye ukingo wa mfuko, na kanuni za Jiji la New York zinakataza kubeba kisu chochote kikiwa kinaonekana hadharani, isipokuwa kwa matumizi machache ya halali. Afisa akiona kibanio, amepata sababu ya kukusimamisha. Mwaka 2014 gazeti la Village Voice lilikadiria kwamba katika miaka kumi watu hadi 60,000 huenda walishtakiwa kwa visu hivi, wengi wao Weusi na Walatino, wengi wakitoka au wakienda kazini. Kwa lugha ya kwetu, polisi walikuwa wameshika mpini na mafundi wameshika makali.

Maduka makubwa yaliyouza visu hivyo hayakupelekwa rumande. Mwaka 2010 mwendesha mashtaka wa Manhattan, Cyrus Vance, aliyafanyia upelelezi wa kununua kwa siri, kisha akapatana nayo: yalitoa visu vilivyokuwa stoo na kulipa karibu dola milioni 1.9 kwa pamoja. Muuzaji alilipa fedha, mnunuzi akalala ndani. Ni vigumu kupata mfano ulio wazi zaidi wa sheria iliyosoma mfuko wa mtu kabla ya kusoma kisu chake.

Kuifuta ilichukua muda mrefu kuliko unavyodhani. Bunge la jimbo lilipitisha mageuzi, Gavana Andrew Cuomo akayakataa kwa kura ya turufu mwaka 2016. Likapitisha tena, akakataa tena mwaka 2017. Machi 2019 jaji wa mahakama ya serikali kuu alisikiliza shauri la mpishi aliyekamatwa na kisu chake cha kazi kwenye stesheni ya treni. Aliamua kwamba kwa mpishi huyo sheria ilikuwa haieleweki kiasi cha kuvunja Katiba: mtu hawezi kujua kama kisu chake ni halali ikiwa jibu linategemea nguvu ya kifundo cha mkono cha afisa atakayemkamata, na idadi ya mara atakazojaribu. Mei 30, 2019 Cuomo akatia saini. Visu vya kudondoka vikatoka kwenye orodha ya silaha za marufuku za jimbo.

Ila usikimbilie kununua. Kanuni za treni za chini ya ardhi za jiji hilo bado ziliendelea kuvitaja kama silaha zisizoruhusiwa. Marufuku ya jiji ya kisu chenye bapa la inchi nne au zaidi mahali pa umma ilibaki. Ile ya kisu kinachoonekana nayo ilibaki. Fundi wa New York alipata uhuru wa kubeba kisu chake barabarani, ila akishuka ngazi za treni akiwa nacho anarudi alikokuwa.

Kabla ya New York kufika huko, majimbo mengine yalikuwa yameshaanza kulegeza, na kwa mwendo wa haraka. New Hampshire ilifungua njia mwaka 2010 kwa kufuta marufuku ya visu vya kufyatuka, majambia na visu vyembamba vya kudungia. Nyuma ya wimbi hilo kulikuwa na chama kinachoitwa Knife Rights, kilichoanzishwa Arizona mwaka 2006 na Doug Ritter, ambaye kabla ya hapo alijulikana kwa kuandika juu ya vifaa vya kujiokoa porini. Mbinu yao ilikuwa ya kawaida tu: kumtafuta mbunge mmoja katika kila jimbo, kumwonyesha kisu, kumuuliza kwa nini kibofyo cha mpinini ni kosa wakati kidole gumba si kosa. Wengi hawakuwa na jibu. Missouri ikafuata mwaka 2012, Texas, Kansas, Indiana na Alaska mwaka 2013, Tennessee 2014, Maine na Nevada 2015, Wisconsin 2016, Michigan na Colorado 2017, Montana 2019. Pennsylvania, ambayo ilikuwa na moja ya marufuku kali zaidi, iliifuta kuanzia Januari 2023. Wabunge wa vyama vyote viwili walipiga kura za ndiyo, jambo ambalo huwezi kulisema kuhusu bunduki.

Hata hivyo jimbo kulegeza hakukutosha kama mji ulikuwa bado umekaza. Texas ni mfano mzuri. Sheria ya jimbo ilikuwa inaruhusu kisu cha kukunja cha kawaida, lakini jiji la San Antonio, penye ngome ileile alipofia Bowie, lilikuwa na kanuni yake ya kukataza visu vya kukunja vyenye kikwamishi. Mgeni angejuaje? Arizona ndiyo iliyotangulia, mwaka 2010, kutunga sheria ya kuifunga mikono miji: hakuna mji utakaokuwa na kanuni ya visu kali kuliko ya jimbo. Texas ikafanya hivyo mwaka 2015. Kwa maoni yangu mabadiliko haya yasiyo na mvuto wa habari ndiyo yaliyomsaidia msafiri zaidi. Kisu cha kufyatuka ni cha wachache, ila mpaka wa mji unavukwa na kila mtu.

Kisha likaja suala la visu vikubwa. Mwaka 2017 Bunge la Texas lilikuwa na muswada wa kuondoa marufuku ya kubeba kisu chenye bapa linalozidi inchi tano na nusu, pamoja na majambia, mapanga ya vita, mikuki na kisu cha Bowie. Ulikuwa unakwenda vizuri. Mei 1 ya mwaka huo kijana mmoja mwenye kisu kikubwa akawashambulia wanafunzi katika Chuo Kikuu cha Texas mjini Austin, akamuua mmoja na kujeruhi watatu. Muswada ukasimama. Uliporudi ulikuwa na wazo jipya: kisu kirefu hakitakuwa haramu kwa umbo lake, kitakuwa haramu kwa mahali. Kuanzia Septemba 1, 2017, mtu mzima Texas anaweza kutembea barabarani na kisu cha Bowie kiunoni, lakini asiingie nacho shuleni, chuoni, kwenye baa, hospitalini, mahakamani, kituo cha kupigia kura siku ya uchaguzi, wala uwanja wa michezo ya kulipwa. Aliye chini ya miaka 18 yuko chini ya masharti makali zaidi.

Hapo ndipo mwelekeo mpya ulipo: kutoka kukihukumu kisu hadi kukihukumu mahali na kitendo. Naona ni busara zaidi ya sheria za 1958. Aliyepanga kumchoma mtu hazuiwi na aina ya springi. Lakini mzigo umehamia kwa mwenye kisu, ambaye sasa lazima akumbuke orodha ya milango.

Tangu mwaka 2022 kuna mkondo mwingine, wa mahakama. Marekebisho ya Pili ya Katiba ya Marekani, ya mwaka 1791, yanazungumzia haki ya watu kuwa na "silaha", hayakusema bunduki. Juni 2022 Mahakama Kuu ya nchi ikatoa kipimo kipya katika shauri la New York kuhusu bastola: serikali inayotaka kuzuia silaha lazima ionyeshe kwamba kizuizi chake kina mizizi katika desturi ya kihistoria ya taifa. Mawakili wa visu wakakimbilia mlango huo. Agosti 2023 majaji wa rufaa wa shirikisho walisema marufuku ya Hawaii ya visu vya kipepeo, vile vya Kifilipino vyenye mpini wa vipande viwili vinavyozunguka, yanavunja Katiba. Shauri likachukuliwa lisikilizwe upya na jopo kubwa zaidi, na kabla halijaamuliwa Hawaii ikabadilisha sheria yake yenyewe mwaka 2024.

Agosti 27, 2024 ikawa zamu ya Massachusetts. Mahakama ya juu ya jimbo hilo ilifuta marufuku ya mwaka 1957 ya kubeba kisu cha kufyatuka, katika kesi ya mtu aliyekamatwa Boston mwaka 2020. Majaji walirudi nyuma hadi enzi za ukoloni, wakaonyesha kwamba visu vya kukunja vilikuwa mifukoni mwa watu tangu wakati huo, na kwamba springi ni hatua tu ya maendeleo ya kitu kilekile. Walihesabu pia kwamba ni majimbo saba tu na Washington mjini yaliyokuwa bado yanavikataza moja kwa moja. Ile kazi ya kugonga milango ya wabunge kwa miaka 14 ikawa ushahidi mahakamani.

Lakini hukumu ile iligusa kisu cha kufyatuka peke yake. Kifungu kilekile cha sheria ya Massachusetts kinataja majambia na kisu chochote chenye makali pande mbili, na hayo hayakufutwa. Mtu wa pwani yetu aliyezoea kumwona bwana harusi na jambia kiunoni ajue kwamba vazi hilo likitoka ukumbini kuingia barabarani Boston, lina makali mawili na ni kosa. Mji wenyewe nao una kipimo chake cha inchi mbili na nusu.

Ukilisikia neno "silaha" mara nyingi mno, kuna kesi ya Seattle ya mwaka 2015 inayofaa kutafunwa polepole. Mtu alikamatwa na kisu kidogo cha kumenyea matunda, kile cha jikoni. Seattle inakataza kubeba kisu kisichokunjika. Akajitetea kwa Katiba: nina haki ya kubeba silaha. Mahakama ya juu ya jimbo la Washington, uliko mji huo, kwa kura 5 dhidi ya 4, ikasema kisu cha kumenyea si silaha kwa maana ya Katiba, ni chombo cha jikoni, kwa hiyo hakina kinga. Hukumu ikabaki. Yaani kisu kinavyozidi kuwa cha kazi za nyumbani ndivyo Katiba inavyozidi kukiacha. Angebeba kitu kilichotengenezwa kwa vita, angekuwa na hoja.

Kuhusu urefu, siri ni kwamba sheria nyingi hazisemi unapima kuanzia wapi. Ni bapa lote, kuanzia ncha hadi mpini, au makali tu, ile sehemu iliyonolewa? Tofauti inaweza kuwa nusu inchi. Chicago inaweka mpaka inchi mbili na nusu kwa kisu kilichofichwa. Georgia haihesabu kisu kuwa silaha mpaka kizidi inchi 12, panga dogo hilo. Sheria ya Florida inasema "kisu cha kawaida cha mfukoni" si silaha, kisha ikanyamaza bila kueleza ni kipi. Mwaka 1997 mahakama ya juu ya Florida ililazimika kurudi kwenye maoni ya mwanasheria mkuu wa jimbo ya mwaka 1951, yaliyotaja inchi nne au pungufu, ili iamue kwamba kisu cha inchi tatu na robo tatu cha mtoto mmoja kilikuwa cha kawaida.

Kuhusu kuonyesha au kuficha, California inatosha. Sheria ya jimbo inataka kisu kisichokunjika kikae kwenye ala, kining'inie kiunoni, kionekane. Ukikificha chini ya shati ni kosa zito. Cha kukunja kikiwa kimefungwa unaweza kukificha mfukoni. Ukiingia Jiji la Los Angeles, kanuni ya jiji inakataza kubeba kisu cha inchi tatu au zaidi kikionekana. Usikifiche, limesema jimbo. Usikionyeshe, limesema jiji. Kwa kisu kirefu kisichokunjika njia iliyobaki ni kukiacha nyumbani, au kuwa na sababu inayotambuliwa: kazi, uwindaji, au dini, kama Masingasinga wanaovaa kirpan, kisu chao cha kidini.

Viwanja vya ndege havina utata: kisu hakiingii na begi la mkononi, kiende na mzigo wa chini. Mwaka 2013 mamlaka ya usalama wa ndege ilitangaza itaruhusu visu vidogo visivyozidi sentimita sita, wahudumu wa ndege wakagoma kukubali, na mwezi Juni mpango ukafa. Majengo ya serikali kuu yanavumilia kisu cha mfukoni chenye bapa chini ya inchi mbili na nusu, ila mahakama zina masharti yake zenyewe.

Kwa asiye raia kuna jambo la ziada ambalo halimo kwenye sheria yoyote ya visu. Fomu ya kuomba uraia wa Marekani inauliza kama umewahi kukamatwa, hata kama kesi ilifutwa. Mtu aliyesimamishwa New York mwaka 2012 kwa kisu ambacho leo ni halali anatakiwa kulijibu swali hilo kwa ukweli na kuleta karatasi za mahakama. Mwanasheria wa uhamiaji ni wa kuonwa kabla ya kuijaza, hata kama aliyekutetea siku hiyo alikwambia mambo yameisha.

Dereva wetu tumemwacha njiani. Amevuka Arizona, amepita daraja la mto Colorado, na karibu na Blythe anakuta kituo cha ukaguzi cha California, magari yamepunguza mwendo. Maafisa wa pale ni wa kilimo. Wanauliza kama amebeba matunda, mboga au mimea. Kisu kiko kwenye kikapu cha mlango karibu na goti lake, na hakuna anayeuliza habari zake.